Gitaa Halikuwa Langu

Kwanza ijulikane: gitaa halikuwa langu.
Miaka tisa nililipiga, rangi ikabanduka
pale mkono wa kulia unapolalia,
watu wakaliita gitaa la Pazi,
lakini risiti ilikaa kwa Bwana Kahangwa, kwenye kasha la chuma,
pamoja na za ngoma, za spika
na za mashati yetu ya maua.

Siku niliyoaga Radi Tisa alinisainisha:
gitaa moja, jekundu, nyuzi sita,
mkanda mmoja wa ngozi.
Shati nililirudisha limefuliwa.
Akanitazama kama anayehesabu chenji.
"Kidole kimoja, Pazi, hakivunji chawa."
Nikamwambia siendi kuvunja chawa.
Kwenye ngazi likanijia jibu zuri zaidi,
sasa nimelisahau.

Ulikuwa mwaka wa foleni za sukari.
Nyuzi hazikupatikana, Kariakoo nzima.
Fundi Ndekeja wa Gerezani akanichongea gitaa
kwa mninga uliokuwa mlango wa stoo,
uzi wa sita akauchomoa kwenye breki ya baiskeli.
Ukilipiga polepole, lililia kama bawaba.
Ukilipiga kwa hasira
(na hapo ndipo nilipolipenda)
lilikwaruza, bati linaloburutwa juu ya lami,
roki yenyewe, isiyoomba radhi kwa mtu.
Spika ilikuwa redio ya marehemu baba yake Ndekeja.
Mara nyingine ilinasa bei za korosho
katikati ya solo.

Onyesho la kwanza: baa moja Keko, Jumanne.
Bango niliandika mwenyewe: PAZI PEKE YAKE.
Mwenye baa akalisoma mara mbili.
"Peke yake na nani?"

Walikuja kumi na mmoja.
Watatu walikimbia mvua. Mmoja shemeji yangu,
amekuja kuhakikisha kama ni kweli.

Vidole vilijua kazi.
Ila kila utangulizi ulipokwisha nilinyamaza,
mwili wenyewe ulinyamaza, bega likapinda kushoto
kumpisha Zuhura aingie na sauti yake.
Miaka tisa nilikuwa mlango wake.
Nikahesabu moyoni hadi nane.
Hakuingia mtu.
Mvua juu ya bati. Kreti ya chupa ikivutwa jikoni.
Mtu akakohoa, akaona aibu kukohoa.
Kisha uzi wa breki ukarudi, peke yake,
haujui kwamba umechelewa.

"Tupigie ile ya Radi Tisa!"
Nikasema siijui.
Ndiyo niliyoitunga mimi, usiku mmoja, nikiwa na homa.

Jumamosi nikaisikia kwa jirani, redioni.
Wamempata kijana. Anapiga safi,
kila noti yangu kwenye kiti chake,
na pale mkono wangu ulipoteleza siku ya kurekodi,
naye anateleza, palepale,
kwa heshima.
Nilizima jiko, ugali ukabaki uji.

Keko nikarudi Jumanne iliyofuata, na nyingine.
Sauti sina, sikujidanganya kuimba.
Ile nafasi ya nane sikuiziba tena.
Niliiacha wazi makusudi, nikakodoa macho.
Mwanaheri wa supu akaigonga kwa mwiko juu ya sufuria,
bila kunitazama, anawaza chumvi.
Sita, saba, nane.
Hakuna aliyepiga makofi. Na mimi sikupinda bega.

Malipo: shilingi arobaini na bakuli la supu.
Nikashika njia kwa miguu kwenda Magomeni,
gitaa ndani ya gunia la mkaa.
Jangwani mgambo akanisimamisha.
"Umebeba nini?"
"Gitaa."
"La nani?"
"Langu."
Neno lilitoka jipya, lina makali bado.
Akamulika tochi ndani ya gunia, taratibu,
akafika kwenye uzi wa sita, akaugusa kwa kucha,
akaniuliza baiskeli iko wapi.